Milioni 15 mkononi, vumbi na chumvi kazini: dairekta wa Bongo alivyohangaika kuchagua saa

Jina lake liachwe, maana mjini hapa kila mtu anamjua mtu. Itoshe kusema ni dairekta wa video za muziki, ana miaka 31, na kama una mazoea ya kukaa mbele ya TV jioni basi kazi zake umeshaziona hata kama hujui ni zake. Mwanzoni mwa mwaka alimaliza tangazo kubwa la kampuni moja, mkwanja ukaingia kwa mkupuo, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kubeba kamera akawa na milioni 15 ambazo hazidaiwi na mtu. Hazidaiwi kwa hesabu zake yeye, lakini. Mchumba wake, ambaye ni mhasibu, alikuwa na hesabu nyingine.

Jamaa alitaka saa. Na si saa ya kukaa kwenye boksi ikisubiri harusi. Alitaka saa moja tu, nzuri kweli, ile ambayo ukiigeuza kwenye mwanga unaona kona zimekatwa kwa mkono wa mtu anayejua kazi, halafu aivae kila siku: asubuhi kwenye bodaboda, mchana juani Bagamoyo akipiga kelele "kata!", jioni studio, Jumapili ufukweni. Washikaji walimcheka. Ukitaka saa ya kazi ngumu nunua G-Shock, mambo yameisha. Na hawakukosea. Hiyo saa ya Casio ilitoka 1983 baada ya injinia Kikuo Ibe kung'ang'ana kutengeneza saa isiyovunjika ikidondoka, na mpaka leo wanajeshi, mafundi na wavuvi wanaivaa. Jamaa mwenyewe anayo, ya miaka sita, mkanda umepauka lakini inadunda.

Tatizo la G-Shock ni moja tu: haimfanyi aitazame. Inamwambia saa ngapi, basi.

Upande wa pili alikuwa na historia ya aibu kidogo. Miaka ya nyuma alinunua Kariakoo saa ya "Rolex" kwa laki moja na nusu, akaivaa kwenye video ya msanii mmoja mkubwa. Katikati ya kazi yule msanii akamshika mkono, akaitazama ile saa, akacheka kimoyomoyo kisha akasema kwa upole, "Braza, hii inapiga tik tik ya betri." Watu wote pale walisikia. Saa yenyewe aliitupa kwenye droo siku hiyo hiyo, na tangu hapo akawa mtu wa kusoma kuhusu saa usiku kucha.

Akisoma ndipo alipojua kwamba hii tabia ya kutengeneza saa ya kazi ngumu kwa umaridadi wa saa ya harusi ina mwaka wake wa kuzaliwa. Mwaka 1972 kampuni ya Uswisi, Audemars Piguet, ilileta Royal Oak, iliyochorwa na Gérald Genta. Ilikuwa ya chuma cha pua, siyo dhahabu, na juu yake ina skrubu nane zinazoonekana wazi kama dirisha la meli. Bei yake ilikuwa faranga 3,300 za Uswisi, kuliko saa nyingi za dhahabu za wakati ule. Watu walishangaa: chuma, kwa bei hiyo? Lakini kilichouzwa hakikuwa chuma, ilikuwa kazi iliyofanywa juu ya chuma. Sehemu bapa zimesuguliwa zikaachwa na mistari myembamba kama nywele, na kwenye kila kona kuna ukingo mwembamba uliong'arishwa mpaka unakuwa kioo. Hapo mistari inapokutana na kioo ndipo hela ilipo. Miaka minne baadaye Genta huyo huyo akawachorea Patek Philippe saa ya Nautilus, na mtindo ukashika dunia.

Sasa, ukiwa na milioni 15 usiingie dukani kuulizia Royal Oak, utatoka na aibu. Na hata angekuwa nazo, kwa kazi yake isingefaa sana. Saa ile ya kawaida imepimwa kustahimili maji mita 50 tu, na zile kingo zake nzuri ndizo za kwanza kulia ukigonga tripodi.

Hapa kuna jambo wengi mjini wanalibananga, hivyo litazamwe vizuri. Saa ikiandikwa mita 30 haina maana unaweza kushuka nayo mita 30. Ni kipimo cha maabara, saa ikiwa mpya na imetulia, haijarushwa mkono wala haijapigwa na wimbi. Mita 30 ni mvua na kunawa mikono. Kwa viwango vya kimataifa, saa haiwezi kuitwa ya kupigia mbizi mpaka ifike angalau mita 100. Kwa mtu anayeingia baharini na kamera mara mbili kwa mwezi, 100 ndipo pa kuanzia, na kile kifundo cha pembeni cha kurekebishia majira kiwe cha kukaza kwa kuzungusha, siyo cha kusukuma tu.

Orodha yake ikapungua haraka. Rolex za chuma zinazotafutwa zaidi huzikuti zikikusubiri kwenye kabati la duka rasmi, unaandikisha jina na kusubiri, na wa mtaani wanakupiga bei juu. Halafu Dar kuvaa Rolex, iwe oji iwe feki, ni kujitangaza. Tudor, ndugu yake mdogo, ina Black Bay 58 ya milimita 39, nzuri, bei inabebeka. Jamaa aliishika Dubai alipokwenda kikazi. Alivutiwa, ila zile mbavu zake zote zimeng'arishwa, na kwa jinsi mikono yake inavyosugua vyuma kazini alijua ndani ya wiki zitakuwa na michoro kama meza ya shule.

Zikabaki mbili. Na hizi mbili ndizo zilizomnyima usingizi.

Ya kwanza ni Grand Seiko ya Japani, ile wanayoiita Snowflake. Uso wake mweupe umetengenezwa ufanane na theluji iliyopeperushwa na upepo, theluji ya kwenye milima inayozunguka karakana yao ya Shinshu. Kasha lake ni la titani, jepesi kuliko chuma, unaweza kusahau kama umevaa saa. Sehemu zinazong'aa hazing'ai kama sufuria mpya, zinang'aa kama kioo cha kujitazamia bila picha kupinda, maana fundi hulishika kasha kwa mikono na kulikandamiza kwenye sahani inayozunguka, kazi inayoitwa zaratsu, na mkono ukitetemeka kidogo tu kona imepotea.

Lakini kilichommaliza ni mshale wa sekunde. Saa nyingi za springi za siku hizi mshale wake huruka mara 8 kwa sekunde. Jicho la kawaida linaona unatembea. Jicho la dairekta, linaloshinda likitazama picha 120 kwa sekunde kwenye skrini, linaona mruko. Snowflake hairuki. Mshale unateleza, kimya, kama mafuta yanavyotiririka. Ndani kuna springi inayotoa nguvu kama saa ya kawaida, lakini mwendo unadhibitiwa na fuwele ya kwatzi na breki ya sumaku, na hakuna betri. Injinia Yoshikazu Akahane alianza kulifikiria wazo hilo 1977, likafika sokoni 1999, yeye akiwa ameshafariki. Jamaa alisimama pale dukani akiutazama mshale ukizunguka mara tatu kamili. Muuzaji akaanza kutabasamu, anamjua mteja wa aina hiyo.

Ya pili ni Omega Seamaster, ile ya mita 300, ambayo wapenzi wa filamu wanaijua kwa sababu James Bond amekuwa akivaa Seamaster tangu GoldenEye ya 1995. Uso wake ni wa kauri, umechongwa mawimbi kwa miale ya leza. Miguu inayoshika cheni imepindwa kama kinubi, sehemu imechanwa mistari na sehemu imeng'arishwa. Kazi nzuri, ingawa kusema kweli haifikii ile ya Wajapani. Ukiziweka pamoja chini ya taa, hata mtu asiyejua saa atanyooshea kidole Snowflake.

Kasoro yake ya kuchekesha ni ule mfundo wa pili pembeni, karibu na namba 10. Ni wa kutolea gesi ya heliamu kwa wapiga mbizi wanaokaa siku nyingi chini kabisa ya bahari. Mtu wa Sinza atautumia lini, haijulikani.

Aliporudi Dar aliahirisha uamuzi, akaenda Kariakoo kwa mzee mmoja fundi saa, wa siku nyingi, mwenye kimeza cha kioo na lenzi ya jicho moja iliyofungwa kwa raba ya tairi. Huyu mzee amewahi kufungua saa za aina zote, na hana heshima ya bure kwa jina lolote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo umeleta nini?"

"Leo sijaleta saa mzee wangu, nimeleta swali."

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza bei. Aliuliza unafanya kazi wapi, unashika nini mchana kutwa, unalala na saa au unavua. Jamaa akaeleza: spika kubwa za studio, vishikizo vya taa vyenye sumaku, kamera zenye mota, jasho, mchanga, chumvi.

"Sumaku," mzee akasema, akatikisa kichwa. "Hiyo ndiyo inaua saa za vijana wa siku hizi, siyo maji."

Akamfafanulia. Ndani ya saa ya springi kuna springi nyingine ndogo, nyembamba kama unywele, imeviringwa, ndiyo inayopumua na kuipa saa mwendo. Ikiingia sumaku, mizunguko yake inagandana, inapumua kwa pumzi fupi, saa inaanza kukimbia dakika kadhaa kwa siku. Mteja anadhani ameuziwa feki. Hapo Omega ilipata alama. Hizi za miaka ya karibuni springi hiyo imetengenezwa kwa silikoni, na saa hupimwa kwenye sumaku ya gausi 15,000, nguvu ambayo spika ya studio haifiki hata karibu. Snowflake haina springi ile, lakini kinga yake dhidi ya sumaku ni ya kiwango cha kawaida tu, na kiwandani kwenyewe wanashauri usiilaze karibu na spika.

Kisha jamaa akauliza lile alilokuja nalo hasa. Ikichubuka je? Si utaipiga polishi mzee, irudi?

Mzee akachukua saa ya mteja iliyokuwa mezani, ya chuma, inang'aa kama imetoka dukani leo. Akampa lenzi. "Tazama kona."

Jamaa akatazama. Hakukuwa na kona. Pale ambapo chuma bapa kilipaswa kukutana na ubavu kwa mstari mkali, kulikuwa na mviringo laini kama sabuni iliyotumika wiki mbili.

"Hii imeng'arishwa mara nne, na mafundi wanne. Kila ukiing'arisha unakula chuma. Mchubuko hauondoki mwanangu, unaondoa chuma chote kilichouzunguka mpaka usawa wake. Mwenyewe anafurahi, anasema mpya. Mimi naona saa imekufa uso."

Maneno hayo yalimkaa. Yaani kile kitu hasa alichokuwa anakilipia, zile kona, hakiuawi na tripodi wala mchanga wa Bagamoyo. Kinauawa na mtu anayetaka kionekane kipya. Na kwa Snowflake mambo ni magumu zaidi, maana kuurudisha ule ung'avu wa kioo kwenye titani si kazi ya fundi wa kona yoyote ya Dar, ni kuituma mbali na kusubiri miezi. Jamaa alijijua. Saa ile angeivaa wiki ya kwanza, angeona mchubuko wa kwanza, kisha angeanza kuivua kila akishika kamera. Mwezi wa tatu ingekuwa kwenye droo, na G-Shock mkononi.

Nyumbani kulikuwa na moto mwingine. Mchumba wake alikuwa ameshaona mtu anayeuza kiwanja, malipo kwa awamu, na awamu ya kwanza ilikuwa inasubiri. Hakupiga kelele. Wahasibu hawapigi kelele. Alikaa tu na kikokotoo cha simu.

"Hebu niambie mpenzi, saa ya milioni 15 inasema saa ngapi?"

"Saa mbili na robo."

"Na hii ya simu yangu?"

Jamaa akanyamaza. Kisha akajaribu kumweleza ule mshale unaoteleza, na kona, na mzee wa Kariakoo. Cha ajabu, dada wa watu alisikiliza kweli. Baba yake mzazi alikuwa dereva wa lori la masafa marefu na alivaa Seiko moja miaka ishirini na kitu, kioo kimechanika chote, na siku ya msiba wake ndugu waligombania saa ile kuliko baiskeli. Hivyo anaelewa saa. Asichokielewa ni kwa nini iwe mpya. "Baba yake mtu aliyeivaa kwanza ndiye aliyeilipia upya wake," akasema. "Wewe nunua iliyobaki."

Hiyo kauli ilibeba uamuzi wote, ingawa jamaa hadi leo hajakubali hadharani.

Safari iliyofuata ya Dubai alikwenda na lenzi. Katika duka moja la saa zilizotumika, lenye leseni na karatasi zake, alikuta Seamaster mbili za aina moja, bluu, za mwaka mmoja, zote na boksi na kadi. Ya kwanza inang'aa vibaya sana. Ya pili imechoka: kufuli la cheni lina michubuko kama limekwanguliwa na msumari, ubavuni kuna alama ndefu, karibu na ule mfundo wa heliamu usio na kazi. Muuzaji alishangaa mteja kuitazama ile chakavu kwa dakika ishirini. Jamaa alikuwa anatafuta kona. Kwenye ile inayong'aa, miguu ya kinubi ilishaanza kulegea, mstari wa kukutania umefifia. Kwenye ile chakavu mistari ilikuwa mikali kama siku ilipotoka Uswisi. Hakuna fundi aliyeigusa.

Akaomba ipimwe presha ya maji mbele yake. Ikapita. Akajaribu kile kitufe kilicho ndani ya kufuli kinachoiongeza cheni kidogo bila kutoa pini, jambo dogo kwenye karatasi lakini kubwa kwa mtu wa joto la Dar ambaye mkono wake wa saa nane mchana si mkono wa saa moja asubuhi. Akagusa ringi ya kauri juu, haina hata alama, maana kauri haichubuki kirahisi. Ikipigwa vibaya inapasuka, hilo alilijua, akaona ni hatari anayoweza kuishi nayo.

Akalipa kama milioni 10 na nusu. Ile inayong'aa ilikuwa ghali zaidi kwa karibu milioni.

Kabla ya kutoka Dubai alipita tena kwenye duka la Grand Seiko. Hakwenda kununua, alikwenda kuaga. Mshale uliteleza vilevile. Kuna vitu mtu anavipenda na bado si vyake, na hakuna haja ya kuvisema vibaya ili roho itulie. Snowflake ni saa nzuri kuliko aliyonunua. Mtu wa ofisini Posta, mwenye mikono mitulivu, na aichukue bila kufikiri mara mbili.

Siku ya kwanza kuivaa lokesheni hakuna aliyeitambua. Msanii wa siku hiyo alikuwa na kitu cha mawe mawe kinachomeremeta mpaka kinasumbua kamera, na vijana wote wakawa wanakipiga picha hicho. Kwenye bodaboda, kwenye foleni ya Mwenge, chuma kisicho na dhahabu kinapita kama saa yoyote. Hilo peke yake alilihesabu kama sehemu ya bei.

Siku ya kumi na moja, ufukweni, alikuwa anashika mguu wa tripodi uliozama mchangani, wimbi likamsukuma, na saa ikagonga chuma. Sauti ile kila mwenye saa anaijua. Msaidizi wake aliruka, "Dairekta, pole!" Jamaa akaitazama kwa sekunde mbili hivi. Alama mpya, fupi, chini kidogo ya ile ndefu ya mwenyewe wa kwanza. Akauliza kama kamera iko salama, kazi ikaendelea.

Usiku aliisuuza kwa maji baridi ya bomba kama mzee alivyomwagiza, kifundo kikiwa kimekazwa, akaipangusa na fulana. Mchumba alikuwa mezani na daftari. Kwenye kiwanja zimebaki awamu mbili.